Novena Iliyopungua Siku Moja

Siku ya Posho, tarehe 5 Oktoba 1957. Kadutu, Bukavu.

Mutakatifu Matayo, jambo sana. Habari ya huko mbinguni? Afya yako iko namna gani? Najua kule hakuna homa wala jino la kuuma, lakini desturi ya kwetu ni kuuliza kwanza, kisha kuomba. Sisi huku tuko wazima. Clémence, bibi yangu, anakusalimia, ingawa hajui kama ninakuandikia. Anafikiri ninasoma.

Jina langu ni Venant Cirhuza, karani wa depo ya kahawa, miaka makumi ine na tano, mubatizwa. Nimekuchagua wewe kwa sababu, mbele Bwana Yesu hajakuita, ulikuwa mutu wa hesabu. Ulikaa mezani pa kodi. Watakatifu wengine ninawaheshimu, lakini wengi walikuwa wavuvi.

Neno lenyewe ni hili. Siku ya Posho ijayo, jumamosi ya tarehe 12, saa mbili asubuhi, iko egzame, mutihani wa kuwa musaidizi wa kontabl, mushika hesabu wa kampuni. Egzame nguvu. Saa tatu za hesabu, na Bwana Inspekta mwenye kuisimamia anatoka Léopoldville kwa ndege. Wenye kuifanya ni watu wawili tu: mimi na Adalbert, jirani yangu wa ukuta mumoja, karani kama mimi, mwenye miwani ambayo ninaamini si ya kuonea. Kazi ni moja. Mwenye kushinda anabaki Bukavu, mu biro, kwenye kiti chenye kuzunguka. Mwenye kushindwa anatumwa Idjwi, katikati ya ziwa, kupima kahawa.

Na Clémence alishasema kwamba yeye havuki ziwa. Alivuka mara moja, mwaka wa 1949, akatapika toka bandari mpaka bandari. Anasema Nyamuzinda, Mungu wa wazee wetu, alimupa miguu, hakumupa mapezi. Nikienda Idjwi, ninaenda peke yangu. Miaka makumi mbili na mbili ya ndoa, Mutakatifu. Hata chumvi sijui inakaa wapi mu nyumba yangu.

Vitabu vya masomo vilifika mwezi wa kwanza, kumi na mbili, kwa posta toka Ubelgiji. Niliviweka mu sanduku chini ya koti yangu ya Misa, visichafuke. Havikuchafuka hata kidogo.

Basi leo nimeanza novena kwako. Siku tisa za sala, na ombi linafika. Siku ya kwanza nimeiomba vizuri sana, mpaka machozi. Kisha nikahesabu kwa vidole. Siku ya egzame itakuwa siku ya nane. Ya tisa itaanguka siku ya Mungu, egzame imekwisha kuzikwa.

Nikahesabu tena kwa vidole vya Clémence. Ni nane.

Siku ya Mungu, tarehe 6.

Nimemungojea padri mulangoni mwa kanisa, nyuma ya Misa kumalizika. Nikamuuliza kama mutu mwenye haraka anaweza kuomba siku mbili za novena kwa siku moja, asubuhi moja na jioni moja. Ni kwa rafiki, nilisema.

Padri akajibu kwamba novena ni kama kinini, dawa ya homa. Mutu akimeza vidonge vya juma lote kwa siku moja, haponi mbio, anakuwa kiziwi. Kisha akauliza huyu rafiki amemaliza vitabu vingapi mu vile kumi na mbili. Sikumwambia habari ya vitabu mimi. Mapadri wanajua mambo.

Nikajibu kwamba rafiki bado anavifungua.

Nimeomba siku ya pili. Nimebaki na akili yangu moja tu: siku ya tisa. Iko wapi? Lazima iko pahali.

Siku ya kwanza ya kazi, tarehe 7. Sikukuu ya Rozari.

Nimetoa vitabu mu sanduku. Ajabu kubwa. Havifunguki! Wazungu wanauza vitabu vyenye kurasa zilizoshikana pembeni, na mwenye kununua anakata mwenyewe kwa kisu. Miezi tisa vimekaa kwangu, na hakuna mutu aliyejua.

Nikachukua kisu cha Clémence cha vitunguu. Nikakata toka saa kumi na moja mpaka wakati wa kula. Kazi ya jasho. Sauti ya Adalbert ikapita ukutani, akiuliza Papa Venant anachinja kuku ngapi leo, na kama ni sikukuu, juu ya nini majirani hawakualikwa. Nikajibu kwamba ninarudilia masomo. Akasema amesikia watu wakirudilia kwa kinywa, kwa kalamu, hata kwa kulia, lakini kwa kisu ni mara ya kwanza.

Nimemaliza vitabu vine. Mutu hawezi kukata ukurasa bila kuuona, kwa hiyo vile vine ninavihesabu kama vimesomwa. Clémence akauliza ndani yake kuna nini. Nikamwambia: namba, hasa. Akachukua kisu chake akaenda zake.

Kitabu cha tatu kinanuka kitunguu. Ninafikiri ni kile cha faida.

Siku ya pili, tarehe 8.

Nimeipata siku yangu. Ilikuwa Cimpunda, kwa mujane.

Unamujua Maman Georgette, ule mutu wa Idjwi anayechoma ndizi mbele ya nyumba yake. Goti lake la kuume limevimba miaka sita. Leo biro yote ilikuwa inasema kwamba anafanya novena juu ya lile goti, na kwamba aliianza siku ya ine iliyopita, tarehe 3. Nilikuwa na gunia la kahawa mbele yangu kwenye mizani. Nikaliacha. Tatu, ine, tano, nikapiga vidole: inamalizika siku ya tano, tarehe 11. Siku moja mbele ya egzame. Kama vile mutu aliishona kwa kipimo changu.

Nikashuka Cimpunda mbio nyuma ya kazi. Nikamueleza Maman Georgette kwamba ninataka kuingia mu novena yake. Akaniangalia toka kofia mpaka viatu. Akauliza kama novena ni kamio, lori ya kusimamisha njiani kwa mukono. Nikamwambia sikuja mikono mitupu. Nina siku ine za kwangu, nzuri, ninazileta zote.

Akageuza ndizi. Akafikiri. Akasema kwao Idjwi mutu akikuta wengine wamezunguka chungu, anakaribishwa, lakini hajipakulii mwenyewe. Basi sheria yake ni hii. Mimi nitaomba juu ya goti. Yeye ataomba juu ya egzame. Kila mumoja anamupakulia mwenzake. Na kwa kuwa nimekuta moto unawaka tayari, kuni zangu zitakuwa kumusugua goti kwa mawese wakati wa rozari, mafungu yote matano, kila siku mpaka mwisho.

Nikakubali mbele hajabadilisha moyo.

Lile goti ni gumu kama tofali. Lakini njiani nilikuwa ninacheka peke yangu, mpaka watoto wa soko wakanifuata. Siku tisa kamili, Mutakatifu! Nimerudi nyumbani nikaweka kisu chini. Leo sikukata kitu. Mutu asimuonyeshe Mungu kwamba ana mashaka.

Siku ya tatu, tarehe 9.

Rozari na mawese. Nikaomba juu ya goti kwa nguvu zote. Maman Georgette akaomba juu ya egzame, lakini katikati aliuliza egzame ni kitu gani, na kama inauma. Nikamwambia inauma. Akaendelea vizuri zaidi.

Nyumbani nilipata akili mupya. Adalbert anasoma kwa sauti kila jioni. Sasa, juu ya nini nisome mara ya pili kitu ambacho mutu anasoma tayari? Nikasogeza kiti. Sikio ukutani, kalamu mukononi. Kwanza alikuwa anasoma mbio, ndani ya pua, sikupata kitu. Kisha vumbi ya tofali ikaniingia, nikakohoa kidogo.

Kiti cha Adalbert kikasogea karibu na ukuta.

Akaanza tena kwa sauti ya juu, polepole, neno kwa neno, kama mwalimu anayewaandikisha watoto. Ilikuwa somo la amortisma, yaani bei ya kitu inavyobadilika kwa miaka. Alisema kampuni ikinunua kamio mupya, kila mwaka bei yake inapanda, kwa sababu kamio inazoea barabara. Ni kama ngombe anayezaa, ao kama mutu anayezeeka na watu wanamupa kiti. Nyuma ya miaka mitano bei imekuwa mara mbili.

Somo zuri sana. Nimeandika yote. Mwishoni akasema, kama anayejisemea, kwamba hili ndilo lazima litaulizwa.

Nilimuhukumu vibaya ule mutu. Kesho nitamuombea kidogo, ikibaki nafasi nyuma ya goti.

Siku ya ine, tarehe 10.

Goti linaanza kulainika. Limenyooka upana wa vidole viwili. Nilimwambia Clémence, nikitaka afurahi. Akauliza mimi niko karani ao munganga. Kisha akaomba aone vitabu. Akavipindua kimoja kimoja. Vinane bado vimefungwa. Na kwenye vile vine vya kukatwa, kuna alama za vidole vyangu vya mawese, lakini kwenye jalada tu.

Hakugomba. Ningependa angegomba.

Baadaye nilimukuta chumbani, sanduku iko wazi. Alikuwa anahesabu mashati yangu. Yapo matano. Moja akaliweka pembeni kushona kifungo, akasema bila kuinua macho kwamba Idjwi kuna upepo, na mwanaume asiye na mutu wa kumushonea anapaswa kuondoka na vifungo vizima.

Nikamwambia hatutafika huko. Nikamwambia siku tisa zimetimia. Akasema ndiyo, Papa Venant. Akauma uzi kwa meno.

Mutakatifu, tafazali usikie vizuri. Si kiti chenye kuzunguka ninachoomba.

Siku ya tano, tarehe 11. Siku ya tisa ya novena!

Limepona! Maman Georgette amepiga magoti! Yote mawili! Kwenye fungu la ine alisukuma mukono wangu, akashuka chini polepole, akabaki pale, akamaliza rozari anapiga magoti kama mutoto wa komunio. Kisha akasimama bila fimbo, akazunguka nyumba, akazunguka tena, majirani wakatoka, mumoja akapiga vigelegele, ndizi zikaungua zote na hakuna aliyejali.

Nilipanda Kadutu bila kugusa chini. Hesabu ni wazi. Novena ni moja, chungu ni kimoja. Kama upande wangu umeiva, upande wake umeiva pia. Egzame imepita!

Clémence alisikiliza yote. Akauliza ni sala ao ni mawese, kwa sababu goti lolote lililosuguliwa kwa nguvu siku ine litaogopa na kupona. Nikamwambia asitukane.

Nikashika kitabu cha kwanza kwa ajili ya adabu tu. Kisha nikaona ni kama kumwambia Mungu kwamba simuamini. Nikakirudisha. Lakini visinung'unike, nimevipanga vyote kumi na mbili chini ya kichwa changu, na nitalala juu yake. Kile kinachoweza kupanda kitapanda chenyewe.

Siku ya Posho, tarehe 12.

Shingo.

Niliamka nayo imepinda kushoto, na haikukubali kurudi. Clémence alisema vitabu kumi na mbili ni mto wa mufalme wa zamani, si wa karani. Alijaribu mawese. Hapana.

Mu chumba cha egzame, Adalbert alikaa kushoto kwangu. Kwa hiyo saa ya kwanza yote nilimuangalia Adalbert. Bwana Inspekta akasimama nyuma yangu mara moja, mara mbili, akaniambia niangalie kartasi yangu. Nikamujibu kwamba moyo wangu unaiangalia. Akamuhamisha Adalbert upande wa kuume, na mimi nikabaki ninaangalia picha ya mufalme ukutani. Kartasi nilikuwa ninaitazama kwa pembe ya jicho, kama kuku.

Ulizo la kwanza: mashamba mawili yameazimana vitu, uonyeshe kwa debi na kredi nani amepokea na nani ametoa. Hapo nilifurahi, kwa sababu neno hili nimeliishi. Lakini ile habari ya mashamba ilinichanganya, nikaiacha, nikaandika ya kwangu. Cirhuza ametoa: sala za goti, siku ine, na mawese. Georgette ametoa: sala za egzame, siku ine, na siku mbili za zamani. Chini nikapiga mustari kwa rula. Pande zote mbili zikalingana. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika.

Ulizo la pili: kamio! Nilicheka kwa sauti. Inspekta akaniangalia. Kamio ya miaka mitano, bei yake leo? Nikaandika mara mbili, na nikaeleza habari ya kuzoea barabara. Kuume kwangu nikasikia kiti cha Adalbert kinatetemeka, na yeye anavuta pumzi kwa shida. Nilifikiri analia.

Ulizo la tatu sikulielewa. Nikaandika Baba Yetu, kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa kunyooka.

Siku ya kwanza, tarehe 14.

Adalbert, pointi 71 ya mia. Mimi, 19. Bwana Direkta wa kampuni alinisomea mwenyewe. Alisema pointi kumi na tano ni za lile ulizo la kwanza, kwa sababu Inspekta hajapata kuona debi na kredi zimelingana vizuri namna ile, ingawa hakuna mutu aliyeziuliza. Ine ni za mwandiko. Mashua ya Idjwi ni siku ya ine, tarehe 17. Egzame ingine ni tarehe 19 Aprili.

Kwenye ngazi nilimukuta Adalbert. Nikamuuliza juu ya kamio. Akasema, kwa heshima, kwamba ukuta wa matofali haukohoi, Papa Venant, na ukuta wenye kukohoa lazima upewe dawa. Kisha akatoa miwani, akaifuta, akaniomba ruhusa ya kununua kitanda chetu kama hatukihitaji.

Nilizunguka soko mara tatu mbele ya kuingia nyumbani.

Nilimwambia Clémence hali nimesimama mulangoni. Nikasema novena ilikuwa nzuri, sijui nani alikosea, labda Mutakatifu Matayo hakusikia. Akaacha maharagi. Akauliza Matayo gani. Nikamwambia: ule wa kodi, mutu wa hesabu. Akaniangalia kwa huruma nyingi, kama mutu anayeangalia mbuzi mu kisima.

Akasema padri anasoma Injili ile kila mwaka na mimi ninakaa kwenye benchi ya mbele. Alikuwa mezani pa hesabu, ndiyo. Kisha? Bwana Yesu alimwambia amufuate. Akasimama, akaacha meza na kodi na vitabu vyote, hakurudi tena. Ni huyo uliyemuomba akukalishe kwenye kiti? Mutu aliyekikimbia?

 Juu yako, Mutakatifu, nasema wazi, ungenipa alama mapema.

Hapo mulango ukapigwa. Maman Georgette, toka Cimpunda mpaka juu Kadutu kwa miguu yake, na furushi kichwani. Alikuwa amesikia mambo ya mashua. Akasema miaka sita hajamuona dada yake Idjwi, kwa sababu goti halikukubali kupanda mashua. Sasa linakubali. Anaondoka nasi siku ya ine. Alisema «nasi», bila kumuuliza mutu.

Clémence akasema yeye havuki. Maman Georgette akajibu kwamba atamushika kichwa njia yote, na akitaka kutapika, ziwa ni kubwa, halijajaa. Akasema mutu aliyemusugua goti mujane wa watu siku ine bila kulalamika, si mutu wa kuachiwa kisiwa peke yake. Ataharibika. Ataanza kuongea na kahawa.

Clémence akafuta mikono. Akaangalia ukuta. Upande wa pili Adalbert alikuwa anaimba, akipima kitanda chetu kwa akili yake.

Kisha akasema: Matayo alisimama. Na akasimama yeye pia, akaenda chumbani, nikasikia sanduku inafunguka. Nilimukuta anaweka vikwembe vyake, nguo zake za kujifunga, juu ya mashati yangu.

Nimelia kidogo. Shingo imerudi pahali pake palepale.

Siku ya ine, tarehe 17. Idjwi.

Tumefika. Clémence alitapika mpaka rasi ya pili, kisha akachoka kutapika na akaanza kugombana na mwenye mashua juu ya bei ya samaki. Nyumba iko na mulango na dirisha. Depo iko karibu. Chumvi inakaa ndani ya mukebe mwekundu, juu ya kabati, kushoto. Nimeiona mwenyewe.

Leo mchana nilipiga hesabu yangu yote, na sasa ninajua kosa lilikuwa wapi. Nilichelewa kuanza. Basi egzame ya tarehe 19 Aprili, novena nitaianza tarehe 10 kamili, siku tisa, hakuna kuazima kwa mutu. Mbele ya hapo hakuna haraka. Vitabu nimevirudisha mu sanduku chini ya koti. Clémence ameficha kisu.

Neno moja tena, halafu nikuache upumzike. Maman Georgette amenijulisha kwa dada yake. Mugonjwa, maskini. Magoti yote mawili. Sikutaka kufurahi mbele yake, lakini wewe mutu wa hesabu utanielewa. Goti moja ni musaidizi wa kontabl. Mawili ni kontabl mwenyewe. Nimeagiza mawese.

Tafazali unijibu mbio, nijue kama tumesikilizana. Uandike: Venant Cirhuza, depo ya kahawa, Idjwi. Barua zinafika na mashua, siku ya ine.